Je, wajua kwa nini barua moja inaonyesha njia (anwani ya mahali faili lilipo) tofauti kwenye kila kompyuta?

Chukua ofisi ya chama cha ushirika wa kahawa pale Vwawa. Karani anaprinti barua, na chini ya ukurasa pametokea kwa maandishi madogo: Z:\Barua\Mbolea.docx. Mhasibu wa chumba cha pili anaprinti barua hiyohiyo, kwake inasoma M:\Mbolea.docx. Kwa meneja ni \\SEVA1\Ofisi\Barua\Mbolea.docx. Faili ni moja, liko kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayotunza mafaili ya ofisi, na hakuna aliyelihamisha.

Wengi huamua papo hapo kwamba kuna nakala tatu, na hapo ndipo mambo huharibika. Mtu anaanza "kusafisha": anafuta ile ya M: ili ibaki ya Z:, halafu anashangaa zote zimetoweka. Wengine huilaumu Word kwamba imeharibika, waiondoe na kuiweka upya. Itarudi na kuandika vilevile, kwa sababu Word haikuitunga ile Z.

Herufi hiyo si mali ya faili wala ya seva. Ni jina ambalo Windows ya kompyuta ile, kwa mtumiaji yule, imelipa folda la mtandaoni. Mtoto wa Mwanjelwa akitumwa sukari kwa Mangi, anajua duka. Ukimtuma mtoto wa Uyole kwa maneno hayohayo, naye atarudi na sukari, ila Mangi wake ni mwingine kabisa. Wote wawili wametii. Jina "Mangi" linatosha kwa wakazi wa mtaa mmoja tu. Mgeni anahitaji aelekezwe mji, mtaa na nyumba. Ndiyo kazi ya \\SEVA1\Ofisi: inataja seva na folda lake, bila kujali nani anauliza. Hata kwenye kompyuta moja, watu wawili wanaoingia kwa majina yao wanaweza kuwa na Z mbili tofauti. Ukitaka kujua Z yako inaelekea wapi, fungua dirisha la amri uandike net use, orodha itajitokeza.

Sasa kuhusu kuipanga njia hiyo. Msimbo unaoandika njia ni FILENAME \p. Bofya mara mbili chini ya ukurasa, bonyeza Ctrl+F9 upate mabano, andika maneno hayo katikati, kisha F9. Hakuna kitufe ndani ya Word cha kuilazimisha iache herufi na kutumia njia kamili. Bila makro (programu ndogo inayoandikwa ndani ya Word), inaripoti tu mlango ulioingilia. Basi badili mlango: funga barua, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika \\SEVA1\Ofisi, fungua barua kutokea humo, kisha rudi kwenye ule msimbo ubonyeze F9 tena. Ukiifungua kutoka kwenye orodha ya faili za karibuni, utajikuta umeingilia Z uleule wa zamani.

Haya ni ya Word ya Windows na seva ya ofisini. Faili likiwa OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni, msimbo huohuo unaweza kukupa anwani ya https. Na njia kamili nayo si ya milele: seva ikibadilishwa jina, barua zote zilizoprintiwa zitakuwa zinaelekeza pasipokuwepo.

Kuna kioja kimoja bado. Mwaka 1983, MS-DOS 2.0, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, ilipoleta folda ndani ya folda, ilichukua mkwaju wa kuegemea nyuma (\) kwa sababu ule wa kawaida (/) ulishatumika kutangulia nyongeza za amri. Ndani ya misimbo ya Word mambo yamegeuka: mkwaju wa nyuma ndio unaotangulia nyongeza hizo, kama katika \p. Kwa hiyo ukitumia msimbo wa INCLUDETEXT kuvuta maandishi kutoka kwenye seva, kila mkwaju wa njia unauandika mara mbili, na ile miwili ya mwanzo inakuwa minne: "\\\\SEVA1\\Ofisi\\Barua\\Mbolea.docx". Inaonekana kama kibodi imekwama, lakini ndivyo inavyotakiwa.