Nairobi ni Jiji Janja kwa Kipimo Gani?

Tangu tuanze kampeni ya kuwahimiza wakazi washiriki kupima huduma za kidijitali, swali moja limetufikia kuliko mengine yote: kati ya majiji janja, yaani yanayotumia teknolojia kuboresha huduma, Nairobi ni ya ngapi? Wengine huongeza kwamba kamera zimejaa barabarani, na ushuru wa soko unalipwa kwa simu, sasa tunataka nini tena?

Suala la kamera tumelijibu mara nyingi. Kamera ni kifaa. Kipimo huuliza kifaa hicho kimebadilisha nini. Kwenye mizunguko kadhaa ya katikati ya jiji, taa hubadilika rangi huku askari wa trafiki akiongoza magari kwa mkono. Anayehesabu nguzo ataandika kwamba taa zipo. Anayepima atataka kujua abiria wa Kayole alifika kazini saa ngapi. Na tafadhali, Konza, mji wa teknolojia unaojengwa, iko nje ya mipaka ya Kaunti ya Nairobi. Hatuwezi kuihesabia Nairobi.

Viwango vya ISO 37120, vya shirika la kimataifa la viwango, vinahusu huduma za jiji na ubora wa maisha, na mwaka 2019 ISO 37122 ikaongeza viashiria vya jiji janja. Umoja wa Mataifa nao una viashiria 91 chini ya U4SSC, mpango wa majiji janja na endelevu, ambao UN-Habitat, shirika la umoja huo la makazi lenye makao yake hapa Gigiri, inashiriki kuuendesha. Orodha ya majiji janja ya IMD, chuo cha biashara cha Uswisi, ni kitu kingine: huhoji wakazi 120 kwa kila jiji kuhusu wanavyoyaona mambo. Ina manufaa yake. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi, na kwa habari ya maji, mkazi wa mtaa wa kifahari wa Lavington na wa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga hawana simulizi moja.

Maji ndiyo mfano tunaoutumia zaidi. Nyumba iliyounganishwa na bomba huhesabiwa kuwa imepata huduma, hata kama mgao huleta maji siku mbili kwa wiki na siku nyingine mama mwenye nyumba ananunua mitungi ya lita 20. ISO 37120 ina kiashiria kingine, saa ambazo maji hukatika kwa kila kaya kwa mwaka. Hicho ndicho kinachosema ukweli wa mgao, na tunasisitiza kisirukwe. Mita janja, zinazotuma vipimo vya maji zenyewe, zitasaidia, ila mfumo hauwezi kuiona kaya isiyo na nambari ya akaunti. Ukiweka mita elfu moja mitaa yenye mabomba na kuacha vibanda vya maji vya Mukuru, ripoti itapendeza na mitungi itaendelea kubebwa.

Kwa hiyo tunahitaji takwimu za mitaa, nanyi mna haki ya kuziomba. Malalamiko yaliyoandikwa kwenye mitandao ya kijamii si maombi rasmi. Tumelieleza hili mara nyingi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, likielezea habari unayotaka kwa undani wa kutosha kutambulika. Asiyeweza kuandika kwa sababu ya kutojua kusoma au ulemavu atamweleza afisa wa habari wa taasisi husika kwa mdomo, naye ataandika. Jibu hutolewa ndani ya siku 21. Ombi likihusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Afisa anaweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14, ikiwa habari ni nyingi. Ukimya baada ya muda huo huhesabiwa kuwa ombi limekataliwa, na una siku 30 za kupeleka ombi la mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala. Afisa anayekataa kupokea ombi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili.

Usiandike "nipeni habari za maji." Andika wadi yako, mwezi, na kitu unachotaka: saa za maji kwa wiki, au idadi ya mita zinazofanya kazi. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa tarehe, kwa kuwa siku 21 huhesabiwa kuanzia pale ombi lilipopokelewa.