Batobato ya miwa haizuiwi kwa bomba la dawa

Wakulima wa miwa wa Mahonda, Unguja, na vijiji vinavyoizunguka huniuliza mara kwa mara wapige dawa gani pindi majani machanga yanapoanza kuonyesha mabaka ya kijani kilichopauka. Jibu langu huwa halimfurahishi muulizaji, wala mwenye duka la pembejeo: hakuna dawa ya kupiga. Ugonjwa huo, ambao tunauita batobato kama tunavyouita ule wa muhogo ingawa virusi vyake ni vingine kabisa, haumwondoki mgonjwa kwa kunyunyiziwa kitu chochote. Wengi hulikubali hilo, lakini hubaki na hoja ya pili yenye nguvu zaidi, kwamba ikiwa virusi vinaletwa na wadudu, basi tuwaue wadudu. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa kirefu, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua fedha na nguvu za mkulima zielekezwe wapi.

Mbebaji anayejulikana zaidi wa batobato ya miwa ni kidukari wa mahindi, mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa mimea, na jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mua si makazi yake. Huzaliana kwenye mahindi, mtama na nyasi za porini. Chakula kinapopungua au wenzake wanapozidi, huzaliwa vidukari wenye mbawa, ambao hupeperushwa na upepo, hutua juu ya jani lolote la kijani na kulidunga kwa muda mfupi sana ili kuonja kama linawafaa. Kuonja huko ndiko kunakoeneza ugonjwa. Virusi hunata kwenye ncha ya mdomo wa kidukari alipodunga mmea mgonjwa, kisha huachwa kwenye mmea mzima atakaoudunga baadaye, na shughuli yote inaweza kumalizika ndani ya dakika chache. Mtafiti wa Marekani, E. W. Brandes, aliuonyesha uhusiano wa kidukari huyu na ugonjwa huo mwaka 1920, na hakuna sumu iliyotengenezwa tangu wakati huo ambayo inamwahi mdudu kabla hajaonja. Sumu nyingi huchukua muda mrefu zaidi kumuua, na baadhi yake humfanya ahangaike kwanza na kuruka kutoka shina hadi shina. Kwa hiyo anayepiga dawa kwenye shamba lake la miwa humuua kidukari aliyekwisha kufanya kazi yake, na siku ya pili upepo humletea wengine kutoka kwenye mahindi ya jirani ambayo hayakupigwa chochote.

Hali si hiyo kwa kila virusi vya miwa, na hapa ndipo wataalamu wenyewe wakati mwingine huwachanganya wakulima. Kuna ugonjwa wa umanjano wa majani, ambao hubebwa hasa na kidukari wa miwa, yule mdogo wa rangi ya manjano au kijivu anayekaa kwa makundi upande wa chini wa jani na kuacha utomvu mtamu unaoota ukungu mweusi na kufuatwa na siafu na chungu. Huyu hukaa kwenye mua na kuufyonza kwa saa nyingi, virusi huingia tumboni mwake, huvuka hadi kwenye tezi za mate, na tangu hapo huwa mwambukizaji kwa muda wote uliobaki wa maisha yake. Tofauti kati ya vidukari hawa wawili ni ile iliyopo kati ya nzi anayebeba uchafu miguuni na mbu anayebeba malaria mwilini. Kwa kidukari wa miwa, kupunguza idadi ya wadudu kuna maana fulani, ijapokuwa hata hapo mbawakawa wadogo wenye madoa na nyigu wa vimelea, maadui wa vidukari hao, hufanya kazi kubwa pasipo malipo, nao ndio wa mwanzo kufa shamba linapopigwa dawa ovyo.

Kuvuka huko kwa virusi ndani ya mwili wa mdudu kulichunguzwa karibu nasi sana, upande wa pili wa mlango wa bahari wa Pemba. Katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, mtafiti H. H. Storey alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwamba wale wadudu warukao wanaoeneza ugonjwa wa virusi wa milia ya mahindi hawafanani: wapo wenye uwezo wa kuambukiza na wapo wasio nao, na uwezo huo hurithiwa. Alipowatoboa utumbo kwa sindano nyembamba wale wasio na uwezo, baadhi yao wakaanza kuambukiza, yaani kizuizi kilikuwa ni ukuta wa utumbo wenyewe. Sielewi kwa nini kisa hiki hakisimuliwi zaidi katika vyuo vyetu vya kilimo.

Narudi kwenye bomba la dawa, kwa kuwa lina hatari moja ambayo ni yetu sisi zaidi kuliko ya mashamba makubwa ya bara. Sehemu kubwa ya miwa ya wakulima wadogo wa Unguja haiendi kiwandani kuchemshwa. Hukamuliwa mbichi barabarani, Darajani au Forodhani, ikatiwa ndimu na tangawizi na kunywewa pale pale. Dawa iliyopigwa siku chache kabla ya kukata ina njia fupi mno ya kufika kwenye gilasi, na kuipiga kwa ajili ya ugonjwa isioweza kuuzuia ni kosa lisilo na udhuru.

Kinachoueneza ugonjwa zaidi ya mdudu yeyote ni sisi wenyewe, kwa pingili za mbegu. Mua haupandwi kwa punje. Unakatwa vipande na kila kipande hubeba alichonacho mama yake. Pingili moja yenye virusi hutoa shina gonjwa, shina hilo likivunwa huachwa lichipue, na maotea yake huwa magonjwa mwaka hadi mwaka huku yakiwa chakula cha kuonjwa na kila kidukari anayepita. Halafu jirani anakuja kuomba mbegu. Nimeona mashamba ambayo mpangilio wa mashina yenye mabaka ulionyesha wazi kwamba ugonjwa haukuja kwa upepo, maana mistari iliyopandwa kwa mbegu ya mzigo mmoja ilikuwa imejaa na mistari ya pembeni ilikuwa safi. Anayetaka kuilinda miwa yake na aanzie hapo, kabla ya panga kugusa pingili ya kwanza.

Ukaguzi wa shamba la mbegu una namna yake. Mabaka ya batobato huonekana vizuri zaidi kwenye majani machanga yaliyokwisha kufunguka, karibu na sehemu jani linapoungana na ala yake inayolizunguka shina, na huonekana kama visiwa vya kijani cha kawaida ndani ya kijani kilichopauka, au kinyume chake. Ni vyema kwenda asubuhi, kuligeuzia jua mgongo, na kulitazama jani likiwa ndani ya kivuli cha mwili wako, kwa sababu mwanga mkali wa mchana huyaficha mabaka hayo. Miwa ikishakuwa mikubwa dalili hufifia, na baadhi ya aina huonekana kana kwamba zimepona, ndiyo maana kukagua siku ya kukata mbegu peke yake hakutoshi. Shamba litazamwe mara kadhaa tangu likiwa na wiki sita hivi. Shina lenye dalili ling'olewe na mizizi yake yote, si kukatwa juu, kwani likikatwa huchipua upya na virusi vyake. Kwa kipimo ninachokitumia, mashina magonjwa yakizidi takriban matano katika kila mia, kung'oa moja moja hakulipi tena, na shamba hilo lisitoe mbegu hata kidogo.

Kuchemsha pingili hakusaidii kama wengi wanavyodhani. Maji ya moto ya nyuzi 50 za Selsiasi kwa saa 2 au 3 hupunguza sana bakteria wanaodumaza maotea, na kwa ugonjwa huo kusafisha panga nako ni lazima; kwa batobato, njia hizo mbili si za kutegemewa. Kinachoweza kumtoa mua kwenye virusi ni kuoteshwa maabara kutokana na ncha ndogo kabisa ya chipukizi, kazi ambayo hufanywa na taasisi na si mkulima mmoja.

Aina ya mua nayo ina uzito wake. Miwa minene na laini, ile tunayopenda kuitafuna, kwa jumla ndiyo dhaifu zaidi mbele ya batobato. Wazalishaji wa mbegu wa kisiwa cha Java walilitambua hilo zamani, wakaichanganya na miwa ya porini, na mwaka 1921 wakapata aina ya mua iitwayo POJ 2878, ambayo ilisambaa duniani kwa sababu ilistahimili magonjwa yaliyokuwa yakiangamiza mashamba. Hapa Zanzibar tuna mfano wetu wa muhogo: aina zinazohimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ikiwemo inayoitwa Mahonda, zimefanya kile ambacho dawa ya inzi weupe isingekifanya. Kwa miwa, kituo cha utafiti cha Kibaha, mkoani Pwani, ndicho cha kuulizwa kwanza kuhusu aina.

Mahindi ndani ya miwa ndiyo mazoea ninayoyapinga kwa ukali zaidi. Virusi vya batobato ya miwa huingia kwenye mahindi pia, na vikikutana huko na virusi vingine vya mahindi huzaa ugonjwa hatari uliotambuliwa Kenya mwaka 2011 na Tanzania Bara mwaka 2012, ambao hukausha shamba zima kabla ya kuzaa. Anayetaka kutumia nafasi kati ya mistari miwa ikiwa michanga apande kunde, ambazo hazihifadhi virusi hivyo, na nyasi za kando ya mfereji zipaliliwe kabla mahindi ya masika hayajakauka na kuwafukuza vidukari wake.

Nimalizie na mizigo ya pingili inayovuka kwa boti kwenda Pemba, mara nyingi ikiwa zawadi ya ndugu kwa ndugu. Mzigo huo upitishwe kwa wakaguzi wa karantini ya mimea bandarini, hata kama ni pingili kumi tu. Na palipo na shaka, kwa kuwa ukame na upungufu wa mbolea navyo hugeuza majani kuwa ya manjano, achukuliwe bwana shamba au bibi shamba aone mmea ukiwa bado umesimama shambani. Kisha majani machanga machache yafungwe kwenye karatasi kavu, si mfuko wa plastiki wenye maji, na yafikishwe maabara siku hiyo hiyo yakiwa na jina la shehia na aina ya mua.