Taiming ya cheche: kwa nini gari la zamani hugonga likishuka Mombasa

Taiming ni ule wakati plagi inapotoa cheche, ukiulinganisha na mahali pistoni ilipo. Moto hauwashi silinda nzima papo hapo. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ndani ya elfu moja tu ya sekunde krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imeshageuka digrii 18. Ndiyo maana cheche hutangulizwa, pistoni ikiwa bado inapanda.

Ikitangulizwa kupita kiasi, presha hupanda mapema mno. Petroli iliyobaki pembeni, ambayo moto haujaifikia, hubanwa na kupata joto hadi inalipuka yenyewe. Huko ndiko kugonga: mlio kama wa kokoto ndani ya mkebe, unaosikika ukikanyaga mafuta katika gia kubwa, tuseme unapanda kuelekea Mazeras. Usiuchanganye na injini "iliyonoki", yaani beringi zimekwisha. Hiyo haiponi kwa taiming.

Sasa chukua Peugeot 504 iliyopangwa taiming Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kule hewa ni nyepesi, silinda haishibi sana, na fundi anaweza kutanguliza cheche kidogo gari likachangamka. Likifika Mombasa hewa ni nzito, silinda inashiba, na joto letu laongezea. Gari lilelile, petroli ileile, linaanza kugonga. Magari mengi ya kisasa yana kihisi kinachosikia kugonga, na kompyuta huchelewesha cheche. Distributa ya zamani, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, haina sikio: vizito vyake hufuata kasi, mpira wa vakyumu hufuata mzigo, basi. Sikio ni lako, na naomba ulitumie, kwani kugonga kwa muda mrefu hutoboa pistoni.

Anza na pointi, ile swichi ndogo ndani ya distributa inayofunguka na kufunga umeme wa cheche, maana nafasi yake ikibadilika na taiming hubadilika. Kisha legeza boliti ya distributa na uizungushe kidogo sana kufuata mzunguko wa rota, kile kidole kinachozunguka ndani yake, cheche itachelewa. Pima kwa taa ya taiming kwenye alama ya puli, mpira wa vakyumu ukiwa umechomolewa na kuzibwa kama kitabu cha gari kinasema hivyo. Punguza digrii moja au mbili, halafu rudi barabarani usikilize. Usicheleweshe kupindukia: gari litakosa nguvu na ekzosi itachemka. Na likiendelea kugonga hata kwenye digrii za kitabu, shuku petroli ya okteni ndogo, yaani inayolipuka yenyewe upesi, au kaboni iliyoganda juu ya pistoni.