Mama yuko ng'ambo, kiwanja kiko ng'ambo: kibali cha usalama Marekani hupimwaje?

Wengi wanaoniletea fomu yao ya SF-86, ile ya kuombea kibali cha kuona siri za serikali ya Marekani, niwasaidie huanza kwa kujitetea kwamba wanaipenda Marekani, kana kwamba uzalendo wao ndio ulioshtakiwa. Katika miongozo ya kuamua nani apewe kibali, utiifu kwa nchi una wake, Mwongozo A. Ndugu, marafiki na mali zilizo nje ziko chini ya Mwongozo B, na huo hauulizi moyo wako uko wapi. Unauliza ni nani anayeweza kukubana, na atakubana kwa kutumia nini.

Miongozo yote ni 13, imo katika SEAD 4, agizo la serikali ya Marekani lililoanza kutumika Juni 2017. Kuwa na mama au kaka nje hakumkoseshi mtu kibali kwa jambo hilo peke yake. Kinachotazamwa ni kama uhusiano huo unaleta hatari iliyozidi ya kawaida, na hapo ndipo nchi inapoingia. Mama mstaafu anayeishi Kanada na mama mstaafu anayeishi China au Iran hawapimwi sawa, hata kama wote wawili hawajawahi kugusa kazi ya serikali. Inauma, maana hakuna aliyechagua mahali mama yake alipozeekea. Lakini mama hahitaji kufanya kosa lolote ili atumiwe. Inatosha kwamba anapendwa, na kwamba anaishi mahali ambapo serikali yenye kuwinda siri za Marekani inaweza kumfikia.

Ndiyo maana nawakataza watu kujifanya hawawajali wazazi wao. Majaji wa DOHA, ofisi inayosikiliza mashauri ya wafanyakazi wa kampuni zenye kandarasi za ulinzi, huanza na dhana kwamba mawasiliano na mzazi au ndugu wa damu si ya juujuu. Ukidai mnaongea kwa nadra, halafu taarifa za benki zikaonyesha unamtumia pesa kila mwezi, umejiongezea tatizo ambalo hukuwa nalo. Sema unampenda na unamtunza. Kisha onyesha uzito wa maisha yako Marekani: miaka uliyokaa, mwenzi na watoto, kazi, nyumba. Mwongozo wenyewe unakubali kwamba uhusiano wa kina na wa muda mrefu na Marekani unaweza kuondoa shaka.

Kwenye mali, hesabu husaidia kuliko maneno. Tuseme una kiwanja nje chenye thamani ya dola 30,000, na Marekani una nyumba na akiba ya uzeeni vinavyofika dola 600,000. Kiwanja hicho ni asilimia 5 tu ya ulichonacho hapa, na ni vigumu kuamini kwamba mtu atakushika kwacho. Ukigeuza hesabu hiyo, shauri ni jingine kabisa. Kuna pia mali ambazo watu hawazihesabu kuwa zao: nyumba ya wazazi iliyoandikishwa kwa jina lako, au akaunti ya pamoja na dada. Akaunti za nje ambazo jumla yake inapita dola 10,000 wakati wowote katika mwaka lazima ziripotiwe kila mwaka kwa FinCEN, ofisi ya Wizara ya Fedha ya Marekani inayofuatilia uhalifu wa kifedha. Usipofanya hivyo, suala la mali linageuka kuwa suala la uaminifu wako.

Uraia pacha siku hizi hausumbui kama zamani, mradi usiufiche.

Kuficha ndiko ninakokuogopa zaidi. Uongo wa makusudi kwenye SF-86 unaangukia Mwongozo E, unaohusu mwenendo wa mtu, na chini ya sheria ya shirikisho ni kosa la jinai linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 5. Na shaka ikibaki, haiamuliwi kwa faida yako: Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1988, katika kesi ya Egan, kwamba ikibidi kukosea, heri kukosea upande wa kunyima kibali.

Mfanyakazi wa kampuni akipokea waraka wa sababu, yaani barua inayoeleza kwa nini kibali chake kina shaka, ana siku 20 za kuujibu kwa maandishi na kwa kiapo. Siku hizo hazitoshi kuanza kutafuta hati za kiwanja kilicho nchi nyingine. Hati hizo, tathmini ya bei na risiti za pesa ulizotuma zikusanye unapojaza fomu.