Utafiti tendaji na utamaduni wa uendelevu chuoni

Mwezi Oktoba 1990, wakuu wa vyuo vikuu 22 walikutana Talloires, Ufaransa, wakakubaliana kuingiza uendelevu wa mazingira katika ufundishaji, utafiti na uendeshaji wa vyuo vyao. Tangu hapo mamia ya vyuo vimejiunga na azimio hilo, na vingi vina sera nzuri kabatini. Lakini taa za kumbi zinakesha, maji yanavuja, na karatasi zinachapwa upande mmoja. Kwa nini sera haigeuki kuwa mazoea?

Jibu moja lilipatikana wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani, alitaka kujua namna ya kuwashawishi akina mama kupika moyo, figo na nyama nyingine za ndani ambazo hawakuzizoea. Baadhi yao walipewa mhadhara. Wengine walijadiliana na kuamua wenyewe kwa pamoja. Walipofuatiliwa baadaye, asilimia 3 tu ya waliosikiliza mhadhara walikuwa wamepika nyama hizo, dhidi ya asilimia 32 ya walioamua kwa pamoja. Mwaka 1946 Lewin alieleza utafiti tendaji: wahusika wanapanga, wanatenda, wanapima kilichotokea, kisha wanapanga upya kwa kutumia walichojifunza.

Chukulia maabara ya kemia. Kabati la kufyonza hewa yenye sumu hula umeme mwingi, kwa kuwa hewa linayoitoa nje huwa imeshapozwa au kupashwa joto. Njia iliyozoeleka ni kubandika tangazo kwenye kioo cha mbele cha kabati, kile kinachofunguliwa na kufungwa: “Funga kioo.” Utafiti tendaji huanza kwa kukaa na mafundi sanifu na wanafunzi na kuwauliza kwa nini kioo hubaki wazi. Huenda kimekwama. Huenda hakuna aliyejua kwamba kukifunga kunapunguza umeme. Na huenda fundi akaeleza jambo ambalo tangazo lingelificha milele: kama feni inazunguka kwa kasi ileile muda wote, kufunga kioo hakuokoi umeme wowote, ingawa kunaendelea kuwalinda watu. Hapo tatizo linahama kutoka tabia ya mwanafunzi kwenda bajeti ya chuo. Binafsi naona hii ndiyo faida kubwa kuliko zote: lawama haimwangukii asiyestahili.

Vipimo viwe rahisi lakini vya haki. Mkipima taka wiki ya katikati ya muhula, kisha mkapima tena wakati wa likizo, uzito utapungua bila yeyote kubadilika. Pimeni wiki inayolingana, mgawanye kwa idadi ya watu waliokuwepo.

Suala gumu zaidi ni madaraka. Mhadhiri anayeongoza utafiti ndiye pia anayetoa alama, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kusema yale yanayompendeza. Ushiriki usiwe na alama, na kikao kiongozwe na mtu asiyewafundisha. Wafanya usafi nao waitwe, tena ndani ya saa zao za kazi zinazolipwa. Wao ndio wanaojua kilichomo ndani ya ndoo za taka, na ni dhuluma kuchukua maarifa yao bila kuwapa nafasi ya kuamua. Wakisema mapipa ya kutenganisha taka yanamwagwa kwenye gari moja, kikao kianze na hilo.

Kisha kuna jambo ambalo viwanda na ofisi hazilijui sana: kila mwaka chuo hupoteza sehemu kubwa ya watu wake kwa mahafali. Kundi lililojifunza huondoka na mafunzo yake. Kwa hiyo kila duru ya kupanga, kutenda na kupima iache daftari linaloeleza kilichojaribiwa, kilichoshindikana na sababu zake. Duru inayofuata ianze wiki za mwanzo za mwaka wa masomo, kabla wageni hawajaiga mazoea ya wenyeji, na iongozwe na wanafunzi wa mwaka wa pili walioshiriki ile iliyotangulia.