Kabla ya kununua mlango mpya wa mbele, chunguza ule wa zamani

Wateja wengi hufika karakana na picha ya mlango kwenye simu, na swali lao la kwanza ni bei. Mimi huwaomba kwanza picha ya ule wanaotaka kuutoa: ukingo wa chini, upande wa bawaba, na miguu ya fremu inapokutana na sakafu. Mlango wa nje haufi bila sababu. Ukitundika wa gharama pale pale, na kilichomaliza wa kwanza bado kipo, baada ya masika kadhaa utarudi kununua mwingine.

Ukiwa umeoza chini, adui ni maji. Hapa Dar es Salaam, mlango unaotazama kusini bila kibaraza hupigwa na mvua ya masika inayosukumwa na kusi, na maji hushuka hadi kizingitini yakatuama. Mbao hunywa maji zaidi pale msumeno ulipokata nyuzi zake kuliko usoni. Mafundi wengi hupiga vanishi mbele na nyuma, wakauacha ukingo wa chini mtupu kwa kuwa hauonekani, na huo ndio unaoanza kuoza. Mwambie fundi apake pande zote sita kabla ya kutundika, nawe uwepo akipaka. Kijipaa kidogo juu ya mlango, hata cha bati, kitakusaidia kuliko kuongeza fedha kwenye mbao.

Ukiwa unakwama masika na kulegea kiangazi, tatizo ni mbao yenyewe. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haisogei. Ndiyo maana mlango wa paneli uliotengenezwa vizuri huwa na paneli zinazoelea ndani ya mifereji bila gundi: zikivimba zina pa kwenda. Zikigandishwa, hupasuka katikati. Kwa pwani bado naipendelea mninga, kwa sababu hucheza kidogo sana hewa inapobadilika. Mkongo nao ni imara na mzito, mgumu kwa wezi, ila unadai fremu na bawaba za uzito wake. Angalia usiuziwe weupe. Kiini cha mninga ni cha kahawia, sehemu nyeupe ya nje huliwa na wadudu, na rangi ya kupaka huificha kabisa. Vivyo hivyo msaji, yaani mtiki, wa mashamba kama Longuza au Mtibwa: mti ukivunwa mchanga, weupe ni mwingi. Muulize muuzaji stakabadhi na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Miti ya asili kama mninga na mkongo inachukua miaka mingi kukua, na inaniuma kuiona ikikatwa kiholela.

Juu ya aina ya mti kuna ukavu. Mninga mbichi itapinda, na paini iliyokaushwa vizuri na kutiwa dawa itaishinda. Kama fundi hana kipima unyevu, muulize mbao zimepangwa kivulini tangu lini, na kama ziliwekewa vijiti katikati ili hewa ipite.

Mlango wa flashi wenye plaiwudi, uwazi ndani, uwe wa vyumbani tu. Milango ya chuma inayotoka China inafaa kwa usalama, mingi ina makomeo yanayoshika pande kadhaa kwa wakati mmoja, lakini gonga na bonyeza: bati jembamba litabonyea chini ya kidole gumba. Kwa aliye Kigamboni karibu na bahari, chumvi huanza na mikunjo ya chini. Alminiamu hailiwi na kutu kama chuma, ila kwa mlango wa mbele wenye kioo kikubwa ningetaka grili.

Kuhusu fremu: ikiwa mchwa wamekula miguu yake, usibadili topu, yaani mlango wenyewe unaofunguka, peke yake. Bawaba tatu za inchi 4, za pua isiyoshika kutu au shaba, zinahitaji mbao nzima ya kushika skrubu ndefu. Upande wa kitasa ni hivyo hivyo. Mwizi huvunja fremu dhaifu kabla hajavunja kitasa.

Usipeleke kipimo kimoja. Tundu la kawaida ni milimita 900 kwa 2100, lakini kuta zetu hazilingani: pima upana juu, katikati na chini, urefu pande zote mbili, kisha kona kwa kona. Kona zikitofautiana, fremu imekaa upande na lazima inyooshwe kwanza. Halafu mtajie fundi mwezi wa kutundika. Mlango wa mbao unaowekwa Januari uachiwe milimita 3 hadi 4 kila upande, kwa kuwa masika utavimba. Ule wa Mei, ukiwa umeshanywa unyevu wake, milimita 2 zinautosha.