Ganda la Punje Ndilo Mlinzi wa Kwanza wa Mahindi

Ukifungua kihenge miezi mitatu baada ya mavuno ukakuta unga umerundikana chini ya magunzi, ujue dumuzi ameshafika mbali. Asili ya mdudu huyu ni Mexico na Amerika ya Kati. Hapa kwetu Tanzania alijulikana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, wengine wakambatiza Scania. Vipimo vya wakati ule katika maghala ya wakulima vilionyesha mahindi yaliyohifadhiwa kwenye magunzi yakipoteza hadi asilimia 34 ya uzito kwa miezi michache tu. Fukusi, tuliyemzoea tangu zamani, huharibu polepole zaidi, lakini hakuna ghala asiloingia.

Kwa muda mrefu sisi wataalamu tumejibu kwa dawa ya unga. Dawa inasaidia, sikatai. Ila punje nayo ina ulinzi wake, na ulinzi huo hurithiwa kama zinavyorithiwa rangi na kimo cha mmea.

Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu. Funza hukulia humo humo mpaka atoke akiwa mdudu kamili. Ganda la punje likiwa gumu, kutoboa kunamchosha, mayai yanapungua, na funza wanaobahatika kuanguliwa wanachelewa kukua. Ugumu huo una kemia yake: asidi ya feruliki na jamii zake hufungamanisha nyuzi za kuta za seli kama saruji inavyoshika matofali. Punje ngumu inayong'aa kwa kawaida huwashinda wadudu kuliko ile laini yenye kibonyeo kichwani.

Mlango mwingine uko shambani. Fukusi huruka kutoka ghalani na kuyafuata mahindi yanayokauka yakiwa bado kwenye mabua. Hindi ambalo maganda yake yamebana hadi kupita ncha humpa kazi kubwa. Lililo wazi kichwani huvunwa tayari lina mayai. Bibi zetu waliochagua mahindi ya mbegu yakiwa bado na maganda yake, wakayaning'iniza juu ya moshi wa jiko, walikuwa wakifanya kazi yetu hii hii ya kuchagua mbegu bora. Inaniuma kwamba mbegu chotara nyingi za mwanzo zilipimwa kwa magunia ya ekari moja tu, na maganda hayakuangaliwa.

Malawi walilisikia hilo mapema. Wanawake walilalamika kwamba chotara laini zilipondeka ovyo kwenye kinu na kuliwa haraka na fukusi. Mwaka 1990 nchi hiyo ikatoa MH17 na MH18, chotara zenye punje ngumu zaidi.

Kwa dumuzi, watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha kuboresha mahindi na ngano, walirudi kwenye hazina yao ya mbegu na kupata ukinzani katika mahindi ya kienyeji ya visiwa vya Karibi. Mbegu hizo zilipandanishwa na mahindi yanayofaa mazingira yetu, na kazi kubwa ilifanyika Kenya, pamoja na watafiti wa huko. Kupima ni kazi ya subira: punje za kila uzao hutiwa kwenye chupa pamoja na wadudu, zinaachwa kama miezi mitatu, kisha unga unachekechwa na kupimwa. Uzao wenye unga mwingi unatupwa.

Lakini mbegu kinzani si kinga kamili. Mdudu bado atakula, ila taratibu, na hapo ndipo mahindi yaliyokaushwa vizuri na mifuko isiyopitisha hewa hufanya kazi vizuri zaidi.

Kabla ya kununua mbegu, muulize muuzaji mambo mawili: maganda yanafunika ncha? Punje ni ngumu? Kama una aina mbili nyumbani, tia kiasi sawa cha kila moja kwenye chupa yake, weka fukusi ishirini kila chupa, funika kwa kitambaa kizito kilichofungwa vizuri, uziweke mbali na ghala. Baada ya miezi mitatu chekecha, ulinganishe unga.